Warcraft II, Warcraft III au Age of Mythology: ipi iwekwe kwenye laptopu zenu Kigoma?

Hali yenyewe mara nyingi huwa hivi: vijana wanne au watano wa Mwanga au Gungu, laptopu za mtumba zisizofanana, switchi moja ya mtandao ya matundu manane, na bando ambalo hakuna anayekubali liishie kwenye gemu. Wanataka gemu ya mkakati ya zamani, ile ya kujenga kambi, kuchimba dhahabu na kupeleka jeshi bila kungojeana zamu, tena yenye wachawi, mazimwi na miungu badala ya vifaru. Majina matatu hayakosi kutajwa: Warcraft II ya mwaka 1995, Warcraft III ya 2002 pamoja na nyongeza yake The Frozen Throne ya 2003, na Age of Mythology ya 2002.

Asiye na muda achukue jibu hili. Kundi linalokutana kucheza pamoja liweke Warcraft III na The Frozen Throne. Anayecheza peke yake usiku, anayependa hadithi na kujenga mji taratibu, aweke Age of Mythology. Mwenye mashine iliyochoka kabisa aweke Warcraft II, na asijione amepunjwa. Ila jibu hilo linaweza kugeuzwa na vitu viwili ambavyo havijaandikwa kwenye kasha la gemu: laptopu dhaifu kuliko zote mezani, na jinsi mashine zitakavyounganishwa.

Mashine

Warcraft II ni picha bapa za pikseli 640 kwa 480. Laptopu yoyote inayowaka leo inaiweza, hata ikipitia DOSBox, programu inayoigiza kompyuta za zamani. Tatizo lake ni rangi, wala si nguvu. Toleo la Windows la 1999, liitwalo Battle.net Edition, lilitengenezwa kwa skrini za rangi 256, na kwenye Windows za sasa rangi zinaweza kuvurugika, nyasi zikawa zambarau. Dawa yake ni faili la cnc-ddraw linalowekwa ndani ya folda ya gemu, au kuachana na toleo hilo na kutumia lile la DOS.

Warcraft III ilipotoka ilitaka prosesa ya MHz 400, RAM ya MB 128 na kadi ya picha ya MB 8. Laptopu ya Core 2 Duo yenye RAM ya GB 2 inaipita mbali. Ikiwaka na kuonyesha kioo cheusi, au picha ikawa inakwama bila sababu, bofya njia yake ya mkato kwa kitufe cha kulia, fungua Properties, na mwishoni mwa mstari wa Target ongeza nafasi kisha -opengl. Kwenye kadi nyingi za Intel za zamani hilo hutosha. Kama picha zinaonekana zimevutwa kwa upana, askari wote wakawa wanene, toleo lenu ni la kabla ya 1.29; hiyo 1.29 ya mwaka 2018 ndiyo iliyoleta skrini pana.

Age of Mythology ndiyo nzito kuliko zote tatu. Karatasi yake ilitaka MHz 450, RAM ya MB 128 na kadi ya picha ya MB 16, namba ambazo zinadanganya. Dakika kumi za mwanzo ni laini. Dakika ya arobaini, watu sita mezani na kila mmoja ana jeshi kamili, maji yanang'aa na vimondo vinashuka, laptopu dhaifu huanza kutambaa. Punguzeni vivuli na ubora wa maji kabla ya kuanza, msingoje mpaka mambo yaharibike. Tena diski za asili zina kinga ya SafeDisc, ambayo Windows 10 na 11 hazikubali. Diski itasoma, gemu itakaa kwenye mashine, na ukibofya hakuna kitakachotokea. Wengi hudhani diski imekwaruzika. Mwenye laptopu ya Windows 7 ambayo haijapata sasisho la usalama la Septemba 2015 hasumbuki na hilo.

Kuunganisha mashine

Hapa ndipo jioni nyingi huishia, na ndipo tofauti kubwa ya gemu hizi ilipo.

Elewa kwanza namna zinavyofanya kazi. Katika gemu hizi zote, kila kompyuta inaendesha vita vyote yenyewe. Kinachosafiri kwenye waya ni amri tu: huyu amebofya pale, yule ameanzisha jengo. Ndiyo maana hata switchi ya bei ya chini kabisa inatosha. Lakini ndiyo maana pia mashine moja ikichelewa kukokotoa, wote wanangojea. Kununua laptopu moja kali katika kundi la watano hakusaidii kitu. Kuongeza RAM kwenye ile mbovu ndiko kunakosaidia. Na ndiyo maana faili likitofautiana kidogo kati ya mashine mbili, hesabu zake zinaachana na mmoja anatupwa nje ya mchezo.

Warcraft III ndiyo rahisi. Chomekeni nyaya kwenye switchi. Hakuna ruta wala intaneti inayohitajika: baada ya kama dakika moja Windows itajipa anwani inayoanza na 169.254, na mashine zote zitakuwa mtaa mmoja. Mmoja afungue Local Area Network (LAN, mtandao wa ndani), aanzishe mchezo, wengine walione jina lake kwenye orodha. Lisipoonekana, kagueni kwa mpangilio huu:

1. Toleo. Namba iliyo kwenye pembe ya skrini ya mwanzo lazima ifanane kwa wote. Toleo la 1.26 halioni kabisa mchezo ulioanzishwa na toleo la 1.27, wala halisemi kwa nini.
2. Ukuta wa Windows (firewall). Mtandao usio na ruta huhesabiwa kuwa wa hadharani, na Windows huufungia. Ruhusu gemu kwenye mitandao yote, au fungua mlango wa 6112, wa UDP na wa TCP.
3. Wi-Fi. Laptopu ikiwa imechomekwa waya na wakati huohuo imeshika Wi-Fi ya jirani, tangazo la mchezo linaweza kupita njia isiyo yake. Zima Wi-Fi.
4. Ramani. Reign of Chaos, yaani Warcraft III isiyo na nyongeza, inafungua ramani za .w3m tu; zile za .w3x, ikiwemo ramani maarufu ya DotA, zinahitaji The Frozen Throne kwa kila mchezaji.

Kama hamna switchi, hotspoti ya simu inafanya kazi hata data ikiwa imezimwa, bando haliguswi. Ila simu nyingine huzuia vifaa vilivyoungana nazo visionane. Badilisheni simu kabla hamjaanza kulaumu gemu.

Warcraft II inahitaji mikono zaidi, kwa sababu ilizaliwa wakati wa IPX, lugha ya mtandao ambayo Windows iliiacha tangu Vista. Kwa toleo la DOS njia ni hii: katika faili la mipangilio la DOSBox, sehemu ya ipx, andika ipx=true kwenye kila mashine. Mwenyeji aandike ipxnet startserver kabla ya kufungua gemu. Wengine waandike ipxnet connect, nafasi, kisha anwani ya mashine ya mwenyeji. Baada ya hapo kila mtu afungue gemu na kuchagua IPX. Kosa la kawaida ni mtu kufungua gemu kwanza halafu ndipo akumbuke kuungana. Lazima atoke aanze upya. Inachukua dakika kumi siku ya kwanza na dakika mbili siku zinazofuata. Mwisho ni watu 8.

Age of Mythology inaonana kwenye LAN bila matata mengi na inabeba mpaka watu 12, sawa na Warcraft III ya kawaida. Shida yake ni ileile ya faili kuachana. Mmoja akiwa na nyongeza ya The Titans na mwingine hana, au mmoja akiwa amechezea faili ili askari wake wabadilike sura, mchezo utavunjika katikati.

Halafu kuna umeme. Laptopu zina betri, switchi haina. Umeme ukikatika wote mnabaki mnatazama dirisha la kusubiri wenzenu. Geuza adapta ya switchi usome: ikiandika 5V, pawabenki inaitosha kwa waya wa USB, ikiandika 9V au 12V, utahitaji waya wa kupandisha volti. Switchi ndogo inakula umeme kidogo sana, kwa hiyo pawabenki ya kawaida itaibeba jioni nzima. Warcraft III inaruhusu kuhifadhi mchezo wa LAN na kuuendeleza kesho yake, mradi warudi wachezaji walewale. Fanyeni hivyo kila baada ya nusu saa kama mtaa wenu una historia ya umeme kukatika.

Zinavyochezeka

Warcraft II ni gemu ya mikono. Hakuna foleni ya mafunzo: kambi inatoa askari mmoja, ukitaka wa pili unarudi kubofya tena. Hakuna kuweka alama ya mahali askari wapya wakusanyike. Unaweza kushika askari 9 tu kwa mkupuo. Kijana aliyezoea gemu za simu atachoka ndani ya dakika kumi, na mwingine ataona hapo ndipo utamu ulipo, kwa sababu mwenye nidhamu ya kurudi kambini humshinda mwenye hasira ya kupigana.

Uchumi wake ni wa kuhesabika kwa vidole. Kibarua anagharimu dhahabu 400 na kila safari ya mgodini analeta 100, kwa hiyo safari nne zimemlipa. Shamba ni dhahabu 500 na mbao 250, linalisha watu 4. Askari wa mguu ni 600. Ukiipandisha ngome kuu daraja la kwanza kila safari inaleta 110, la pili 120. Kiwanda cha mbao kinapandisha mzigo wa mbao kutoka 100 hadi 125, kwa hiyo kijenge mapema kuliko unavyodhani. Binadamu na Orc wanafanana karibu kila kitu isipokuwa uchawi, na kwenye uchawi ndipo mizani inapoinama: majitu ya Orc yenye vichwa viwili yakishajifunza Bloodlust hupiga kwa nguvu iliyozidishwa, na ni vigumu kuyazuia ana kwa ana. Mezani kwenu wekeni sheria, kwamba wote wacheze upande mmoja, au anayejua zaidi achukue Binadamu.

Kitu kimoja ambacho Warcraft II inazishinda zile mbili ni bahari. Warcraft III imekaa zaidi nchi kavu. Katika Warcraft II kuna mafuta chini ya maji: unajenga gati, unatoa meli ya mafuta, inasimika jukwaa juu ya doa jeusi, na bila hayo hupati manowari wala chombo cha kuvushia jeshi. Chombo chenyewe kinabeba askari 6, idadi ambayo mtu wa mwalo wa Kibirizi ataiona ni kituko. Wanaoanza hujaza askari wote chombo kimoja, kinazamishwa, na vita vimekwisha. Tanguliza manowari mbili, vusha kwa vyombo viwili au vitatu pamoja, shukia upande ambao adui hana mnara.

Warcraft III imebadilisha karibu yote hayo. Kambi inapanga foleni mpaka askari 7, unaweka alama ya kukusanyikia, na unashika watu 12. Jeshi ni dogo, na katikati yake kuna shujaa anayepanda ngazi mpaka ya 10 na kubeba vitu 6. Mataifa ni manne, na hayafanani kabisa: Human, Orc, Undead na Night Elf. Anayeanza achukue Human au Orc. Majengo ya Undead yanataka ardhi iliyokwisha kuoza, ya Night Elf mengine yananyanyuka na kutembea. Mambo ya kuvutia, lakini yanachanganya kwa wiki ya kwanza.

Mwanzo wa Human unahesabika vizuri, na mtu akiushika huo amevuka nusu ya ugumu. Unaanza na vibarua 5, dhahabu 500 na mbao 150. Madhabahu ya shujaa ni 180 na 50, kambi ni 160 na 60, shamba ni 80 na 20. Jumla ni dhahabu 420 na mbao 130. Zinabaki dhahabu 80, na kibarua ni 75. Maana yake unaweza kuanzisha majengo yote matatu na kibarua mpya tangu mwanzo na kubaki na dhahabu 5. Mgodi mmoja unatosha vibarua 5. Wa sita anasimama foleni mlangoni, mpeleke akate miti. Shujaa wa kwanza hagharimu dhahabu, ila anakula chakula cha watu 5. Archmage anafaa kwa anayeanza, kwa sababu kiumbe wake wa maji anapokea mapigo badala ya askari wako.

Kisha nenda ukapige viumbe wanaolinda migodi na maduka. Kwenye ramani ndogo nukta ya kijani ni wepesi, ya chungwa ni wa kati, nyekundu usiguse bado. Usiku wengi wao wanalala, kwa hiyo unapita jirani bila vita. Shujaa akifika ngazi ya 5 viumbe hao hawampi tena uzoefu. Kuanzia hapo lazima apigane na jeshi la mtu.

Kinachowaangusha wageni wengi kuliko adui ni kodi ya jeshi. Mpaka chakula 50, kila safari ya kibarua ni dhahabu 10. Kuanzia 51 inakuwa 7. Kuanzia 81 inakuwa 4. Mtu anajaza jeshi mpaka 85, anakaa kambini akijisifu, na hajui kwamba mwenzake aliyekaa kwenye 50 anachuma mara mbili na nusu yake. Simama kwenye 50, pandisha ngome na silaha, vuka mstari siku unayokwenda kupiga. Weka dhahabu 350 za hati ya kurudi nyumbani, ile inayolihamisha jeshi lote kambini kwa mara moja. Bila hati hiyo, shambulio moja lililokwenda vibaya linamaliza mchezo.

Kuna na sababu nyingine ya kundi kuichagua hii. Imekuja na kiwanda cha ramani, na kutokana nacho ndiko DotA ilikotoka, pamoja na ramani nyingi za kujilinda kwa minara na za ushirikiano. Ramani moja ni faili dogo linaloingia kwenye flashi. Mkichoka vita vya kawaida, hamhitaji gemu nyingine.

Age of Mythology inakwenda mwendo mwingine. Wagiriki, Wamisri na watu wa Kaskazini, kila taifa na miungu yake mikuu mitatu. The Titans ya 2003 iliongeza taifa la nne, watu wa Atlantis. Rasilimali ni chakula, mbao, dhahabu na radhi za miungu, na hizo radhi ndizo zinazotofautisha mataifa. Mgiriki anaweka vibarua wasali hekaluni. Mmisri anajenga minara ya ukumbusho. Mtu wa Kaskazini anazipata kwa kupigana. Ukicheza Kaskazini ukakaa nyumbani kwa utulivu umejinyima mwenyewe.

Zama ni nne, na kila kupanda kuna sharti la jengo: hekalu na chakula 400 kwa zama ya pili, ghala la silaha, chakula 800 na dhahabu 500 kwa ya tatu, soko, chakula 1,000 na dhahabu 1,000 kwa ya nne. Mashamba hayapatikani mpaka zama ya pili, kwa hiyo mwanzo ni mawindo, matunda na mbuzi. Mbuzi wananenepa wakiachwa; kuwachinja dakika ya kwanza ni hasara. Nyumba zina kikomo cha 10, na baada ya hapo watu huongezeka kwa kushika makao mengine tu. Asiyetoka kwake atazidiwa idadi hata kama ana dhahabu. Samaki hawamaliziki kamwe, wakati Ziwa Tanganyika lenyewe limewahi kufungwa kwa uvuvi ili samaki wazaliane.

Vitani kumbuka mzunguko huu: mashujaa wanawamaliza viumbe wa miujiza, viumbe wanawamaliza askari wa kawaida, askari wanawamaliza mashujaa. Na uwezo wa mungu hutumika mara moja tu, isipokuwa kwa watu wa Atlantis. Kimondo kilichoangushwa juu ya nyumba mbili hakirudi.

Safari yake ya hadithi ina sehemu 32, ndefu na yenye mtiririko. Warcraft II na nyongeza yake zina misheni 52 fupi, nyingi zikifanana. Warcraft III ina hadithi nzito kuliko zote, ila Kiingereza chake kinataka sikio.

Kuzipata

Matoleo mapya yapo: Warcraft III: Reforged ya Januari 2020, Age of Mythology: Retold ya Septemba 2024 na Warcraft II: Remastered ya Novemba 2024. Reforged inataka takriban GB 30 za diski na akaunti ya mtandaoni. Pigeni hesabu ya bando hilo kwa laptopu tano kabla ya kulipa. Retold inataka kadi ya picha ambayo laptopu nyingi za mtumba hazina. Warcraft II ya asili iliuzwa GOG, duka la gemu la mtandaoni, kuanzia 2019 mpaka Desemba 2024. Aliyeinunua wakati huo bado ana faili lake la kusimika, halina kinga wala halihitaji intaneti. Kwa matoleo ya zamani ya Warcraft III na Age of Mythology, tafuta diski halali yenye namba yake ya leseni, na mpe kazi hiyo mtu aliye Dar es Salaam, kwa maana reli ni zaidi ya kilomita 1,200 na kurudisha diski mbovu ni gharama juu ya gharama. Mwambie aijaribu mpaka mwisho wa kusimika, si kuitazama tu.

Nakala zinazozunguka kwenye flashi zina matatizo matatu mbali na uhalali wake: virusi, video na muziki uliokatwa ili faili liwe dogo, na matoleo tofauti kwa kila flashi, jambo linalowarudisha kwenye kosa namba moja la LAN. Vyovyote mtakavyoamua, simikeni kwanza kwenye laptopu mbovu kuliko zote, mchezeshe kompyuta dhidi ya kompyuta kwenye ramani kubwa kwa nusu saa, na mtazame kama mausi bado inafuata mkono.